Mwanafunzi wangu wa mdahalo ameporomoka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 41. Nimtoe?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Naombeni ushauri, ila kwanza mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi.

Ninafundisha Kiswahili na Historia kwenye shule moja ya kata. Ni mwalimu wa kujitolea, nasubiri ajira kama wenzangu wengi. Kila Ijumaa saa nane mchana ninasimamia mdahalo. Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata ofisini akiwa na ripoti ya binti yake wa kidato cha tatu, ameikunja mara nne mpaka imekuwa ndogo kama tiketi ya basi. Akaikunjua mezani taratibu. Mwaka jana binti alikuwa wa 3 kati ya wanafunzi 96. Safari hii wa 41. Hisabati 14, Jiografia 27, Biolojia 25. Kiswahili tu ndiyo imesimama, 76.

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anasoma. Tangu umfundishe kubishana, nikimtuma chumvi dukani ananiuliza hoja yangu ni ipi. Naomba umtoe."

Nilimwambia, "Mama, nipe wiki mbili." Sikuwa na jibu lingine, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia nyumbani kwetu, karibu yale yale.

Mimi ni wa Kimamba, Kilosa, mkoani Morogoro. Babu alifanya kazi kwenye mkonge hadi nguvu zilipomwishia, akabaki na shamba la ekari moja na nusu na redio. Mwaka 2014 nilikuwa darasa la saba, na Bunge Maalum la Katiba lilikuwa linaendelea Dodoma. Kwetu ilikuwa kama ligi. Kwenye muundo wa Muungano babu alikuwa wa serikali mbili, mjomba wa serikali tatu, na mimi niliketi katikati yao nikimenya maharage. Nilijua kusema "taarifa, mheshimiwa mwenyekiti" na "kuhusu utaratibu" kabla sijajua kukokotoa riba. Aprili ile UKAWA, ule umoja wa wapinzani waliotaka serikali tatu, walipotoka ukumbini, babu alizima redio, akasema aliyetoka hawezi kusikika tena. Mjomba akamjibu kwamba kuna wakati kutoka ndiko kusikika kwenyewe. Walizozana hadi ugali ukapoa. Nilipenda sana jioni ile.

Januari 2015 nikaingia kidato cha kwanza, nikawa bubu. Mnaojua mnajua: miaka saba unasoma kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja kila kitu ni Kiingereza. Mdahalo wa shule ulikuwa Jumatano, kwa Kiingereza, mada ni zile zile za miaka yote, elimu na pesa, mjini na kijijini, mwalimu na daktari. Waliozungumza ni wawili waliotoka shule za msingi za Kiingereza. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa makofi. Siku moja nilijipa moyo. Nilikesha nikikariri salamu ya mwenyekiti, nikasimama, nikaitoa yote bila kukosea, kisha neno la kwanza la hoja yenyewe halikuja. Nilisimama pale muda ambao mpaka leo naona kama ni mwaka. Nikakaa.

Muhula wa pili mwalimu wa Kiswahili akaanzisha mdahalo wa Kiswahili, na hapo ndipo niliporudishiwa mdomo wangu. Niliongea kama nimefunguliwa kamba. Wakaniita Mheshimiwa. Mwaka 2016, ada ya shilingi 20,000 ilipokuwa imeondolewa na watoto wamejaa hadi wengine wanakaa dirishani, ukumbi wa mdahalo ulikuwa unafurika, na mimi nilikuwa nakula yale makofi asubuhi, mchana na jioni. Madaftari mengine sikuyagusa. Nilijiona kipanga. Kumbe nilikuwa kilaza mwenye sauti.

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakaja. Kiswahili 78. Historia 31. Biolojia 22. Hisabati 9. Tisa, wakuu, kati ya mia.

Mama hakunipiga. Alichukua daftari langu la mdahalo, akaliweka kwenye sanduku la kanga zake, akafunga, ufunguo akautia kwenye pindo. Akasema, "Mdomo wako umekula mitihani yako." Akaenda zake stesheni kuuza maandazi.

Alama za Hesabu na Biolojia nilizielewa, maana sikusoma. Historia ndiyo iliyonichoma. Niliweza kumnyamazisha mtu yeyote shuleni, iweje nipate 31? Nikaenda kuangalia karatasi zangu za darasani. Swali la insha la alama 20 lilitaka utangulizi, hoja zisizopungua sita, kila moja na maelezo na mfano wake, halafu hitimisho. Mimi nilikuwa naandika hoja moja, naipigia ngoma kurasa mbili, kisha namaliza kama niko jukwaani. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Unapiga kelele kwenye karatasi.*

Naendelea hapo chini, ujumbe umekuwa mrefu.

Baba Mapacha

Mwalimu pole na kazi. Mimi nasema kama mzazi: mtoe. Mtihani wa kidato cha nne ni mlango mmoja, ukifungwa umefungwa. Mtoto wa mwenye nacho akipata ziro baba yake atampeleka shule nyingine arudie. Mtoto wa huyo mama ataishia kuuza maandazi. Kwenye cheti hawaandiki idadi ya makofi. Amalize shule kwanza, abishane baadaye.

Mwana Hesabu

Sikubaliani na Baba Mapacha lakini nina swali kwa mleta uzi kabla hujaendelea. Nimefundisha Hisabati miaka 19. Mtoto aliyekuwa wa 3 hawi wa 41 kwa sababu ya saa mbili za Ijumaa. Umemwuliza binti mwenyewe? Naona mama yake amesema, wewe umesema, yeye bado hajasema.

Chaki Nyeupe

Mwana Hesabu, umenishika pabaya. Sijamwuliza. Kesho namwita. Ngoja nimalize yangu kwanza maana ndiyo inayonifanya nisite kumtoa.

Kidato cha tatu, 2017, alikuja mwalimu mpya wa Historia. Kijana, mpole, anaongea chini chini. Akamwomba mama daftari langu. Sijui alimwambia nini, lakini sanduku lilifunguliwa. Kwenye mdahalo akaleta taratibu mbili. Ya kwanza, pande zinapangwa kwa kura, huchagui. Ya pili, daftari unalipiga mstari katikati kwa rula. Kushoto unaandika WAO WANASEMA, kulia SISI TUNAJIBU. Kulia hupaandiki chochote mpaka kushoto pamejaa, umemsomea mtu wa upande ule, na yeye mwenyewe amekubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema."

Mada ya kwanza aliyoleta: mifugo itengewe njia ya kwenda mtoni hata kama inapita kwenye mashamba.

Asiyeijua Kilosa hawezi kuelewa uzito wake. Darasani mwetu walikuwemo watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji, na mwaka 2013 ng'ombe walikuwa wamelala ndani ya mahindi ya babu usiku mzima. Asubuhi yake babu alitembea shambani akiokota mabua moja moja, akiyasimamisha, yanaanguka. Mimi nilikuwa namfuata nyuma. Halafu kura ikaniangukia upande wa wafugaji.

Nilitaka kukataa. Mwalimu akasema tu, "Anza kushoto."

Kwa kuwa sasa nilikuwa mtetezi wao, kwangu kushoto palikuwa pa wakulima, nikapajaza kwa dakika tano. Kulia ndiko kulikogoma. Sikuwa na hata sentensi moja ya kumtetea mfugaji. Niliyeketi naye dawati moja alikuwa kijana wa Kimasai, miaka miwili na nusu hatujawahi kuongea zaidi ya kuazimana kalamu. Kwenye mdahalo hakuwahi kufungua kinywa. Nikamwuliza. Akaniangalia kwanza kama ananipima, kisha akaanza kunieleza. Ng'ombe mkubwa siku ya jua kali anamaliza madebe mawili ya maji. Mwezi wa tisa na wa kumi mabwawa yanakuwa matope. Njia waliyopita babu zake kwenda mtoni imelimwa vipande vipande, na kila kipande kina mtu mwenye karatasi ya kijiji. "Tukipita, tumevamia. Tusipopita, wanakufa tunawaona." Akachora ile njia nyuma ya daftari langu kwa penseli. Nilipoutazama mchoro vizuri, ulipita pembeni mwa shamba la babu.

Ijumaa nikasimama. Kwa mara ya kwanza sikupiga kelele. Nilieleza madebe mawili, nikaeleza matope, nikaonyesha ile njia ubaoni. Ukumbi ulikuwa unanisikiliza kwa namna ambayo makofi hayajawahi kunipa. Ndipo msichana wa upande wa pili akainuka akataja Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, watu 38 waliouawa siku moja kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Babu yake mdogo alikuwa mmoja wao. Akakaa.

Hilo sikuwa nimeliandika kushoto. Nilikuwa mtoto wa Kilosa, ninalijua, na sikuliandika kwa sababu sikuwa na jibu lake. Nikasema, "Sina jibu la hilo. Poleni." Nikarudi kwenye kiti changu.

Mwalimu hakutangaza mshindi. Alikuwa anafuta ubao pole pole, na yule mwenzangu wa dawati akanyoosha mkono. Alisema sentensi mbili tu: "Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Nataka kujua njia ya maji itapita wapi."

Wakuu, tangu siku ile nilianza kuandika insha tofauti. Ukiulizwa sababu za Vita vya Maji Maji, unajiuliza kwanza mkulima wa Matumbi aliyelazimishwa kulima pamba mwaka 1905 angesemaje, na akida, wakala wa Wajerumani aliyemsimamia, angesemaje, na Mjerumani aliyetaka kodi angesemaje. Hoja sita zinapatikana bila kukariri. Historia yangu ikatoka 31 ikaenda 52, ikaenda 68.

Na hesabu? Hapa ndipo nataka Baba Mapacha asome. Mimi nilikuwa nimeacha Fizikia na Kemia, nikabaki na masomo saba tu ya lazima. Daraja linahesabiwa kwa masomo saba yaliyo bora. Mwenye masomo tisa anaweza kuficha F yake, mwenye saba hana pa kuificha. Yule kijana wa dawati langu alikuwa moto kwenye hesabu na Kiswahili kinamtesa. Tukabadilishana: jioni nusu saa ushairi, nusu saa milinganyo. Alikuwa ananifundisha kwa mawe chini ya mwembe, anayapanga kama ng'ombe zizini.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2018: Kiswahili A, Historia B, Kiingereza B, Uraia C, Jiografia C, Biolojia D, Hisabati D. Piga pointi: 1, 2, 2, 3, 3, 4, 4. Jumla 19, daraja la pili. Ile D ya Hisabati niliilia machozi ya furaha kuliko A ya Kiswahili.

Kidato cha tano nilienda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), bweni. Huko nilianguka tena. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, mwisho wa Juni tuliporudi nilikuwa nimesahau hata mpangilio wa daftari, na mashindano ya kwanza baada ya hapo tulitolewa raundi ya kwanza. Nilimaliza na daraja la pili, pointi 10. Sina la kujisifu wala la kulia hapo.

Ndiyo maana nasita. Mdahalo uleule uliniangusha na uliniinua. Sijui huyu binti yuko kwenye upi.

Msomaji wa Nakuru

Hamjambo huko. Mimi ni Mkenya, nilifanya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, nikapata C+ na kuponea chuchupu kuingia chuo kikuu. Shuleni kwetu mdahalo ulikuwa Kiingereza pekee, na ukisikika ukiongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili unavishwa kidude shingoni mpaka umpate mwingine wa kumvisha. Tulijifunza kuwindana. Kama huyo msichana ana mahali ambapo anasikilizwa kwa lugha yake, mwalimu, fikiri mara mbili kabla ya kumnyang'anya.

Baba Mapacha

Nimesoma mwalimu. Hiyo ya Rudewa imenigusa, nina ndugu Kilosa. Lakini wewe ulimpata mwalimu yule na dawati lile. Wangapi hawakupata? Bado nasema hesabu 14 ni hatari.

Chaki Nyeupe

Baba Mapacha una haki, na hapo sibishi.

Nimerudi na majibu. Jana nilimwita binti. Nilimkuta chini ya mti, nikakaa naye kwenye tofali badala ya kumpeleka ofisini. Nikamwuliza anaonaje mwenyewe kuhusu ripoti. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Madam, sasa hivi nakaa nyuma." Nikadhani anatafuta kisingizio. Mwaka huu mikondo miwili imeunganishwa, warefu wakapelekwa mstari wa mwisho, na yeye ni mrefu.

Kuna kitu kikanigonga. Nikampeleka darasani, nikamwambia akae mahali pake. Ubaoni kulikuwa bado na mada ya Ijumaa iliyopita, nimeiandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa. Nikamwambia asome. Akaisoma yote, neno kwa neno, bila kusita. Nikafuta. Nikaandika sentensi nyingine, *Mvua ya jana imeharibu daraja la miti*, nikamwambia asome hiyo.

Akakunja macho. Akasogeza kichwa mbele. Akasema, "Madam, hapo naona ukungu."

Ile mada aliijua kwa sababu katibu huisoma kwa sauti kabla ya kuanza. Kwenye mdahalo binti huyu anatumia masikio, ndiyo maana anang'ara. Kiswahili tunasoma sana kwa mdomo, ndiyo maana imesimama. Hesabu inaandikwa ubaoni. Ramani ya Jiografia iko ubaoni. Mchoro wa moyo wa Biolojia uko ubaoni. Tangu Januari amekuwa anakopi kwa mwenzake wa jirani, na anachokosea mwenzake naye anakosea. Hakusema kwa mtu. Nilipomwuliza kwa nini, akasema aliogopa mama atahangaika na hela ya miwani.

Na kuna lingine, hili ni langu mimi. Mwezi wa pili niliweka mazoezi ya mdahalo Jumamosi saa tatu asubuhi. Kipindi cha ziada cha Hisabati ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilijua? Ratiba imebandikwa mlangoni pa ofisi, napita hapo kila siku. Sikuiangalia. Yeye alichagua kuja kwangu, kwenye chumba ambacho haoni ukungu. Mama yake alikuwa na haki ya kunilaumu, ingawa si kwa lile alilolidhani.

Mwana Hesabu

Asante kwa kumwuliza. Mweke mstari wa mbele kesho asubuhi, usingoje miwani. Na mwombe mwalimu wa Hisabati asome kwa sauti anachoandika ubaoni, namba kwa namba. Mimi nilikuwa na kijana wa hivyo, nilianza kusoma kwa sauti kwa ajili yake, nikagundua nusu ya darasa walikuwa wananufaika.

Baba Mapacha

Mwalimu, naondoa neno langu la kumtoa. Miwani nitachangia. Niandikie pembeni tuone tunampatiaje mama bila kumfedhehesha.

Chaki Nyeupe

Mungu akubariki sana Baba Mapacha. Mama nimemwona leo stendi. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, hadi kosa la ratiba. Kwanza alikaa chini kwenye ndoo yake. Akasema kumbe ndiyo maana mwanawe alikuwa anasogeza sindano karibu na pua wakati wa kushona. Aliona kila siku akadhani ni mbwembwe. Jumatatu tunakwenda wote watatu kliniki ya macho, hospitali ya wilaya.

Mazoezi ya mdahalo nimeyahamishia Alhamisi baada ya masomo. Jumamosi saa tatu binti yuko kwenye Hisabati, na nimemwambia asipoonekana huko, Ijumaa inayofuata hasimami. Mada ya wiki ijayo nimeandika hivi: shule iwapime wanafunzi macho kabla ya kuwapanga viti. Kura imemweka upande unaopinga. Leo jioni amekuja kuniomba rula.

Ripoti ya nusu muhula inatoka Septemba. Nitaiweka hapa namba zake, ziwe nzuri ziwe mbaya.